Gumba na Kidole cha Shahada: Namna Gitaa Lilivyofundishwa kati ya Katanga na Pwani

Gitaa la Afrika Mashariki na Kongo lilikua bila shule. Kwa zaidi ya nusu karne, tangu miaka ya 1930, vijana wa migodini, wa bandarini na wa vijijini walijifunza kulicharaza bila kitabu, bila noti zilizoandikwa, na wengi wao bila kumiliki gitaa lenyewe. Walichotegemea ni sikio, jicho na fundi wa kumhusudu. Kwa hiyo historia ya ala hii ni historia ya mafundi wachache na ya watu waliokaa karibu nao, ana kwa ana au kupitia santuri, wakijaribu kuiga vidole ambavyo mara nyingi hawakuviona kwa macho.

Ala yenyewe iliingia kwa milango mingi. Upande wa mto Kongo ililetwa na mabaharia na wafanyakazi kutoka pwani ya Afrika Magharibi waliopata ajira Matadi na Léopoldville, Kinshasa ya leo. Angola na Msumbiji, Wareno walikuwa nayo tangu zamani. Upande wa Bahari ya Hindi, bendi za Wagoa ziliwazoesha wakazi wa Mombasa, Zanzibar na Dar es Salaam sauti za gitaa, banjo, mandolini na fidla, na vilabu vya dansi, vilivyorithi ushindani mkali wa ngoma za beni, vikazipokea ala hizo. Dar es Salaam Jazz Band ilianzishwa katika miaka ya 1930. Kuanzia 1933 kampuni ya HMV ilianza kutoa mfululizo wa sahani za santuri uliojulikana kwa herufi GV, wenye muziki wa Cuba na nchi jirani zake, na sahani hizo zikapendwa mno Kongo na Afrika Mashariki. Watu waliosikia mapigo yale waliyatambua kama ndugu waliopotea muda mrefu.

Gitaa halikukuta mikono mitupu. Waluo walikuwa na nyatiti ya nyuzi nane, Waluhya litungu, watu wa pwani gambusi, na Kongo nzima, pamoja na Katanga, ilijua likembe. Mpigaji wa likembe hutumia magumba yake mawili, kila moja na kazi yake, na wimbo hutokea pale kazi hizo mbili zinaposukana. Mtu aliyekulia katika mazoea hayo alipopewa gitaa hakulikwangua nyuzi zote kwa pamoja kama wafanyavyo waimbaji wengi wa Ulaya. Alizidonoa, moja baada ya nyingine, akitafuta sauti mbili zinazopishana.

Mahali ambapo jambo hili lilikomaa kabla ya kwingine ni Katanga. Kampuni ya Union Minière du Haut-Katanga ilianzishwa mwaka 1906, na reli kutoka kusini ikafika Elisabethville, Lubumbashi ya leo, mwaka 1910. Migodi ya shaba ilihitaji watu, nao wakaletwa kutoka Rodesia ya Kaskazini, Kasai na baadaye Ruanda-Urundi. Kambi za wafanyakazi zilichanganya makabila yasiyoelewana kwa lugha, na Kiswahili kikawa lugha ya kazini, sokoni na jioni penye pombe. Gitaa kavu liliwafaa watu hao vizuri. Ni jepesi kubeba, halihitaji kundi la wapigaji, na mtu mmoja aliyekaa mlangoni pa nyumba yake aliweza kuwaburudisha majirani kwa lugha waliyoielewa wote. Mengi ya magitaa hayo yalitoka Afrika Kusini, kwenye kiwanda cha kampuni ya Gallo kilichokuwa Durban. Yaliitwa Gallotone, na jina hilo lilienea hata watu wengi wakaanza kuita gitaa lolote kavu galatoni.

Jean-Bosco Mwenda alizaliwa mwaka 1930 Bunkeya, mji uliokuwa makao makuu ya Msiri, mtawala aliyetoka nchi ya Wanyamwezi katika karne ya 19 na kuwaanzishia Wayeke dola yao huko Katanga. Jina alilopenda kulitumia baadaye, Mwenda wa Bayeke, lilitangaza nasaba hiyo. Aliimba kwa Kiswahili na kwa lugha nyingine za kwao. Mwaka 1952 Hugh Tracey, Mwingereza aliyeishi Afrika Kusini na kuzunguka bara hili akirekodi muziki wa wenyeji, alimrekodi katika mji wa Jadotville, unaoitwa sasa Likasi. Wimbo mmoja wa wakati huo, Masanga, ulishinda tuzo ya Osborn ya mwaka huo na kutolewa kwenye sahani za Gallotone. Sahani hiyo ilifika mbali kuliko mwenyewe alivyowahi kufika hadi wakati ule.

Kilichowashangaza watu katika Masanga ni vidole. Bosco alitumia viwili tu vya mkono wa kulia, gumba na kidole cha shahada. Gumba lilishughulika na nyuzi nene za juu, likitembea hatua kwa hatua bila kuchoka, na kidole cha shahada kilidonoa nyuzi nyembamba za chini. Mkono wa kushoto ulishika mikao michache tu, lakini ndani ya mikao hiyo kidole kimoja kiliachia uzi na kuukamata tena, sauti ndogo zikachomoza kati ya zile kubwa. Sauti za gumba na za kidole cha shahada hazikuangukia mahali pamoja kila mara. Zilipishana kiasi cha kumfanya msikilizaji apige makofi akidhani ameshika mpigo, kisha baada ya muda mfupi auone mpigo umehama, ilhali mpigaji hajabadili mwendo. Tena Bosco hakurudia kifungu kama kilivyokuwa. Kila kiliporudi alikigeuza kidogo, akaondoa sauti moja hapa, akachelewesha nyingine pale. Kwa mtu anayejifunza, hiyo ndiyo sehemu ngumu kuliko zote: anaweza kukariri mzunguko mmoja wa Masanga kwa wiki moja, halafu akagundua kwamba alichokariri ni mfano mmoja tu wa namna ya kuupiga.

Katanga haikuwa na Bosco peke yake. Losta Abelo na Edouard Masengo, aliyezaliwa mwaka 1933 na aliyekuwa jamaa wa Bosco, walikuwa na mitindo yao, na Masengo hasa alisifika kwa sauti ya kuimba iliyotulia. Mwishoni mwa miaka ya 1950 Bosco na Masengo walifika Nairobi kwa mwaliko wa Peter Colmore, mfanyabiashara wa burudani na matangazo. Bosco alitangaza vidonge vya Aspro, Masengo akatangaza Coca-Cola. Huenda leo kazi hiyo ikaonekana duni kwa mafundi wa kiwango chao, lakini matangazo ya redioni na kwenye magari ya maonyesho ndiyo yaliyowafikisha mbele ya watu wa kawaida wa Kenya, na kwa mara ya kwanza vijana waliokuwa wakisikiliza sahani za Katanga wakaiona mikono yenyewe ikifanya kazi. Kiswahili cha nyimbo hizo, ingawa kilikuwa cha Katanga, kilieleweka Nairobi bila mkalimani.

Kenya ilikuwa tayari na mafundi wake. Fundi Konde, Mgiriama aliyezaliwa mwaka 1924, aliingia jeshini wakati wa Vita Kuu ya Pili na kutumikia katika kikosi cha burudani cha King's African Rifles, akawapigia askari muziki hadi India na Burma. Vita hivyo viliwapa vijana wengi wa Afrika Mashariki nafasi ya kushika ala ambazo nyumbani wasingezigusa, na waliporudi walikuja na mazoea ya kupiga kwa makundi, kwa mpango. Konde alikuwa miongoni mwa wa kwanza Kenya kupiga gitaa la umeme kwenye sahani za santuri. Upigaji wake ni wa mjini na wenye adabu nyingi. Mikao yake ina sauti tajiri zinazotoka kwenye muziki wa dansi wa kimataifa, na Tausi Ndege Wangu ni ushahidi kwamba wimbo wa Kiswahili uliweza kubeba utajiri huo bila kupoteza utamu wake.

Magharibi ya Kenya ilikwenda njia nyingine. George Mukabi, aliyezaliwa Kisa mwaka 1930, aliunda mtindo ulioitwa omutibo. Gumba na kidole cha shahada vinafanya kazi kama vya watu wa Katanga, lakini mdundo unaovitawala ni wa sukuti, ngoma za Waisukha na Waidakho, na kwa hiyo gitaa linakimbia zaidi na kusisitiza zaidi. Pembeni yake alikaa mtu mwenye chupa ya Fanta. Chupa za miaka ile zilikuwa na mistari ya duara iliyoinuka, na kipande cha chuma kikipitishwa juu yake hutoa mkwaruzo mkavu unaoshikilia mwendo wa wimbo. Mukabi aliuawa mwaka 1963 akiwa na miaka 33 hivi, na sahani alizoacha zikawa darasa la wapigaji waliomfuata, akiwemo mwanawe, Johnstone Ouko Mukabi, aliyeendelea kupiga omutibo. Anayezisikiliza leo ataona upesi kwamba huyu si mwanafunzi wa Bosco. Ni fundi aliyesimama sawa naye.

Kando ya Ziwa Victoria, vijana wa Kiluo walihamishia nyatiti kwenye gitaa, na mtindo wao ukaitwa benga. Solo la benga hufuata maneno ya mwimbaji karibu neno kwa neno, kisha wimbo unapofika katikati sauti za kuimba hunyamaza na magitaa yakabaki yakijibizana kwa kasi, kama nyatiti inavyojibizana na mpigaji wake. Daniel Owino Misiani, aliyezaliwa Shirati upande wa Tanzania, aliuendeleza mtindo huo na bendi yake ya Shirati Jazz tangu miaka ya 1960 hadi alipofariki katika ajali ya barabarani Kisumu mwaka 2006.

Kuhusu kujifunza kwenyewe, masimulizi ya wapigaji wengi yanafanana katika mwanzo wake: gitaa la kwanza lilitengenezwa nyumbani. Mwili ulikuwa debe au kopo la mafuta, shingo ni ubao, na nyuzi zilitokana na waya za breki za baiskeli zilizofumuliwa, nyaya za umeme zilizomenywa au mshipi wa kuvulia samaki. François Luambo Makiadi, aliyekuja kujulikana kama Franco, alianza hivyo Léopoldville baada ya vita, kwa kopo na nyaya za umeme, kabla ya mpigaji Paul Ebengo, maarufu kama Dewayon, kumchukua na kumfundisha. Gitaa kama hilo halikuwa na sauti nzuri na nyuzi zake hazikushika mlio kwa muda mrefu. Hata hivyo lilifundisha mambo mawili yasiyofundishika kwa maneno: kulegeza na kukaza uzi mpaka sikio liridhike, na kuvumilia maumivu ya ncha za vidole mpaka ngozi ikomae.

Hatua iliyofuata ilikuwa kupata gitaa la kuazima. Huenda lilikuwa la kaka, la mwalimu, la kanisa au la klabu, na muda wa kulishika ulihesabiwa. Mwanafunzi alijipanga mbele ya fundi, akatazama mkono wa kushoto umekaa wapi, kisha akaenda kuutafuta mkao huo akiwa peke yake. Wengi walijua mikao mitatu ya kwanza kabla ya kujua majina yake. Waliotaka kuimba juu zaidi bila kubadili mikao walifunga kipande cha kalamu ya risasi au kijiti kwenye shingo ya gitaa kwa mpira, nyuzi zote zikafupishwa kwa pamoja. Pasipokuwa na fundi, santuri ilishika nafasi yake. Sahani ya wakati huo ilichukua wimbo wa dakika tatu hivi kila upande, ikarudiwa na kurudiwa. Sahani haionyeshi kidole. Mtu aliyesikia sauti mbili zikipishana aliweza kuamini kwamba zinatoka kwa wapigaji wawili, au akazitafuta kwenye nyuzi tofauti na zile alizotumia fundi mwenyewe. Kutofautiana huko kuliwapa wengi mtindo wao. Mtu alikusudia kumwiga Bosco akaishia kupiga kitu ambacho Bosco hakuwahi kukipiga, na kilikuwa kizuri.

Gitaa la umeme lilipoenea katika miaka ya 1950, mpangilio ulibadilika. Léopoldville, Mbelgiji Bill Alexandre alirekodi na kupigia wengine magitaa ya umeme, na wapigaji wa huko wakaanza kugawana kazi. Docteur Nico Kasanda, aliyezaliwa mwaka 1939, alipiga solo katika African Jazz ya Joseph Kabasele huku kaka yake, Charles Mwamba aitwaye Dechaud, akishika rizimu. Walikuwa wawili hao waliosikika katika Indépendance Cha Cha, wimbo uliotungwa Brussels mwaka 1960 wakati wa mazungumzo ya uhuru wa Kongo na kuchezwa barani kote. Nico alipiga kwa sauti safi na nyororo, kila noti ikasikika peke yake. Franco, kwa upande wake, alikamata nyuzi mbili kwa pamoja na kuzirudia kwa ukali mpaka uwanja wa dansi ukawaka. Vijana wa Afrika Mashariki waligawanyika kati ya wawili hao kama mashabiki wa mpira wanavyogawanyika, na mpigaji mpya alitambulika haraka ni wa upande gani.

Tanzania ilikuwa na mazingira yake ya pekee, na hapo ndipo mfumo wa kujifunza ulipokaribia kuwa shule. Baada ya uhuru, bendi nyingi zilimilikiwa na taasisi. NUTA Jazz, iliyoanzishwa mwaka 1964, ilikuwa ya chama cha wafanyakazi. Polisi, Jeshi la Kujenga Taifa na mashirika ya umma yalikuwa na bendi zao. DDC Mlimani Park, iliyoanzishwa mwaka 1978, ilikuja kuwa chini ya Shirika la Maendeleo Dar es Salaam. Vyombo vilikuwa mali ya bendi na wanamuziki walilipwa mshahara. Mpigaji wa solo anayesifiwa na mji mzima angeweza kurudi nyumbani usiku bila gitaa hata moja la kwake. Kwa mwanafunzi, maana yake ilikuwa wazi: gitaa la umeme lilipatikana mazoezini tu, mbele ya wakubwa. Kijana alianza kwa kubeba vyombo au kupiga manyanga, akaruhusiwa rizimu siku mwenyewe asipokuwepo, akasogea hadi solo la pili, na kama bahati na bidii vikikutana, siku moja akaitwa solo. Njia hiyo ilikuwa ndefu, na ilimpa mpigaji sikio la bendi nzima. Aliyefika solo alikuwa ameshajua besi inafanya nini na kwa nini.

Kazi ambayo Bosco aliifanya kwa vidole viwili sasa ilifanywa na watu wanne. Besi ilitembea chini, rizimu ikasuka zulia la katikati, solo la pili likarudia kifungu kifupi kisichobadilika, na solo likaruka juu yao wote. Sina Makosa ya Les Wanyika, wimbo wa mwishoni mwa miaka ya 1970, unafaa sana kujifunzia mpangilio huo. Bendi hiyo ilizaliwa na mgawanyiko wa Simba Wanyika, kundi la ndugu wa Kinyonga kutoka Tanga waliohamia Nairobi mwaka 1971. Msikilizaji aanze na besi ya Tom Malanga, inayotaja kifungu chake kisha ikanyamaza kidogo, aitambue nafasi iliyoachwa wazi, kisha asikilize namna rizimu ya Omari Shabani inavyoijaza nafasi hiyo bila kugusa sauti ya mwenzake. Ni katika kuachiana nafasi ndipo ustadi wa bendi za Kiswahili ulipo, na wanaojifunza peke yao hulikosa jambo hilo kwa sababu hakuna wa kuwaachia nafasi wala wa kuachiwa.

Morogoro ilitoa mashindano yaliyokumbukwa kuliko yote. Cuban Marimba ya Salum Abdallah, aliyefariki katika ajali mwaka 1965, ilishindana na Morogoro Jazz, bendi iliyokuwapo tangu miaka ya 1940. Mwaka huohuo wa 1965 ndipo jina la Mbaraka Mwinshehe Mwaruka, kijana aliyezaliwa mwaka 1944, lilipoanza kuvuma na Morogoro Jazz. Alitunga, aliimba na kupiga solo, mzigo ambao wapigaji wachache waliubeba kwa pamoja, na mashabiki wakamwita Soloist National. Solo lake halina haraka. Linaanza kama linasema jambo la kawaida, linapanda taratibu, na linapofika juu linashikilia noti moja au mbili likizigonga tena na tena hadi msikilizaji aombe liendelee. Aliiwakilisha Tanzania kwenye maonyesho ya dunia ya Expo 70 huko Osaka, Japani, akaanzisha Super Volcano mwaka 1973, na kufariki katika ajali ya gari Mombasa Januari 1979. Kwa miaka mingi baada ya hapo, mwanafunzi wa solo Tanzania aliulizwa kwanza kama anaweza kupiga Mbaraka.

Redio ilikuwa mwalimu aliyewafikia wengi zaidi. Tanzania haikuwa na kiwanda cha sahani. Bendi zilisafiri hadi Nairobi kurekodi kwa ajili ya santuri, na nyumbani zikarekodi kwenye tepu za Radio Tanzania Dar es Salaam. Mwanafunzi wa Songea au Kigoma hakuwa na sahani ya kurudia. Alisubiri wimbo upigwe, akakamata alichoweza kukamata kwa mara moja, kisha akasubiri tena. Wakati huohuo mafundi kutoka Zaire, kama Kongo ilivyoitwa wakati huo, walihamia Dar es Salaam, wakiwemo wa Orchestra Maquis du Zaire na Remmy Ongala, mzaliwa wa Kindu aliyefika mwaka 1978 kujiunga na Orchestra Makassy. Ilichofundisha santuri ya Kongo kwa miaka thelathini sasa kiliweza kutazamwa jukwaani wikiendi yoyote.

Maandishi yalikuja mwisho, na kwa mkono wa wageni. Mwaka 1961 na 1962 David Rycroft alichapisha katika jarida la African Music uchambuzi wa upigaji wa Bosco, mzunguko kwa mzunguko, akionyesha kwa noti jinsi kila marudio yalivyotofautiana. Mwaka 1969 Bosco mwenyewe alipiga kwenye tamasha la Newport, Marekani. Miaka kumi baadaye mpiga gitaa Mwingereza John Low alifunga safari hadi Lubumbashi kujifunza kwa Bosco, Masengo na Abelo, akakaa mbele yao kama walivyokaa vijana wa Katanga kabla yake, na kuandika kitabu kilichotoka mwaka 1982. Bosco alifariki mwaka 1990 katika ajali ya gari.

Katika miaka hiyohiyo vinanda vya umeme vilianza kuchukua kazi ya solo la pili na hata la rizimu, na bei ya magitaa na nyuzi, vitu vilivyoagizwa kwa fedha za kigeni, ilikuwa imezishinda bendi nyingi za Tanzania tangu uchumi ulipoyumba baada ya vita vya Kagera. Msondo, yaani NUTA Jazz ya zamani, na Sikinde, jina la utani la Mlimani Park, ziliendelea kupiga. Said Mabera, aliyeingia NUTA Jazz katika miaka ya 1970, aliendelea kushika solo la bendi hiyo kwa miongo kadhaa huku ikibadilishwa jina kuwa JUWATA, OTTU na hatimaye Msondo Ngoma. Shule nazo zikafunguliwa: Chuo cha Sanaa Bagamoyo mwaka 1981, na chuo cha muziki cha nchi za jahazi, DCMA, kilichoanza kufundisha Zanzibar mwanzoni mwa miaka ya 2000.